Bab el-Mandeb au kuzunguka Rasi? Kinga dhidi ya Wahouthi kwa hesabu ya mwenye mzigo wa Mombasa na Dar

Tangu tarehe 19 Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoteremka kwa helikopta juu ya meli ya kubeba magari ya Galaxy Leader na kuwashika mabaharia wake 25, mwenye mzigo unaopita Bahari ya Shamu ana njia nne za kuchagua. Meli yake ipite ikisindikizwa na manowari, ipite na walinzi wenye bunduki, ipite kimya kwa kuamini kwamba haina ugomvi na mtu, au iizunguke Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Makala nyingi za ulinganisho huu zimepigiwa hesabu ya Shanghai hadi Rotterdam. Hesabu ya Mombasa na Dar es Salaam ni nyingine kabisa.

Uamuzi wangu nauweka mbele kwa asiye na muda. Mzigo unaotoka Ulaya ya kaskazini uzungushwe Rasi, usibishane na wakala. Mzigo wa Uturuki, Misri au Bahari Nyeusi ndio wenye mtihani, na jibu lake linategemea meli yenyewe kuliko njia. Na walinzi wenye bunduki, kwa Bahari ya Shamu, usiwahesabu kabisa kama kinga.

Kabla ya hayo, hakikisha kwamba jambo hili linakuhusu. Gari lililotumika kutoka Japani halipiti Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Mzigo wa Guangzhou haupiti, dawa za Mumbai hazipiti, wala mafuta ya Ghuba yanayoshushwa Kipevu na Kurasini. Yote hayo yanakuja kwa Bahari ya Hindi. Nauli zake zilipanda mwaka 2024 kwa sababu meli na makontena ya dunia yalikwama kwenye mizunguko mirefu, na hilo ni kweli. Lakini ukikuta kwenye ankara ya kontena la China kipengele cha "hatari ya Bahari ya Shamu", uliza ni hatari ipi hiyo, maana meli haikukaribia huko. Wanaohusika hasa ni waagizaji wa ngano ya Urusi na Ukraine, vyuma na vigae vya Uturuki, mitambo na mbolea za Ulaya, na wauzaji wa parachichi, maua na chai kwenda kaskazini.

Bunduki dhidi ya kombora

Sisi wa pwani hii tunawakumbuka maharamia wa Kisomali, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayotupotosha. Septemba 2008 waliiteka Faina ikija Mombasa na vifaru 33. Novemba mwaka huohuo wakaichukua Sirius Star, meli ya mafuta ya Saudi Arabia, mamia ya maili kutoka pwani ya Kenya. Aprili 2009 ikawa zamu ya Maersk Alabama, nayo ikielekea Mombasa. Haramia yule alikuwa na boti ya kasi, ngazi yenye ndoano, bunduki na pengine roketi ya begani. Alichotaka ni meli nzima na mabaharia hai, kwa sababu fedha yake ilikuwa kikombozi. Ndiyo maana vitu rahisi vilimshinda: seng'enge ya miba kwenye kingo za meli, mabomba ya maji, kuongeza mwendo, chumba kimoja chenye mlango wa chuma ambamo mabaharia wote wanajifungia, na juu ya yote walinzi watatu au wanne wenye bunduki. Ofisi ya Kimataifa ya Masuala ya Bahari ilihesabu mashambulizi 237 ya Wasomali mwaka 2011. Mwaka 2013 yalikuwa 15.

Mhouthi hana haja ya kupanda melini. Ana makombora yanayorushwa kutoka nchi kavu, ana droni, na ana boti zisizo na rubani zilizojazwa vilipuzi zinazolenga ubavu wa meli usawa wa maji, pale injini ilipo. Mlinzi mwenye bunduki ya kufika mita mia kadhaa afanye nini?

Tazama wiki moja tu ya Julai 2025. Tarehe 6, Magic Seas ilizingirwa na boti ndogo zilizofyatua bunduki na roketi. Walinzi wake wakajibu mapigo, kama walivyofundishwa. Kisha yakaja yale ambayo hawakuwa na jibu lake, boti zisizo na rubani na makombora, moto ukawaka na meli ikazama. Watu wote 22 waliokolewa na meli ya biashara ya Falme za Kiarabu iliyokuwa karibu. Siku iliyofuata ikapigwa Eternity C, iliyokuwa imetoka kushusha msaada wa chakula Berbera. Nayo ilikuwa na walinzi watatu. Ilizama tarehe 9, angalau watu wanne wakafa, wengine wakashikiliwa na Wahouthi kwa miezi.

Walinzi walifaa mara moja ninayoweza kuitaja kwa uhakika, tarehe 31 Desemba 2023, boti nne zilipojaribu kuiteka Maersk Hangzhou. Pale shabaha ilikuwa kupanda melini. Walinzi waliwazuia hadi helikopta za Marekani zilipofika na kuzamisha boti tatu. Kwa hiyo swali la kuuliza kwanza si kama meli ina walinzi, ni kama mshambuliaji anataka kuipanda au kuizamisha.

Usiwafute kabisa, lakini. Kwa meli inayotoka India au Ghuba kuja kwetu, au kwenda Durban, hatari iliyopo ni ile ya zamani, nayo imerudi. Machi 2024 MV Abdullah ilitekwa ikitoka Maputo na makaa ya mawe, ikaachiliwa Aprili. Novemba 2025 maharamia walipanda Hellas Aphrodite mbali sana na pwani ya Somalia. Mabaharia 24 walijifungia kwenye chumba chao cha chuma hadi ilipowafikia manowari ya Hispania ya Atalanta, operesheni ya Umoja wa Ulaya dhidi ya maharamia. Kwa njia hiyo, walinzi na seng'enge ni fedha iliyotumika vizuri.

Kusindikizwa na manowari

Hii ndiyo kinga inayosifiwa zaidi, na kwenye karatasi inapendeza. Marekani ilitangaza muungano wake tarehe 18 Desemba 2023, na hata Shelisheli iliingia kwenye orodha. Umoja wa Ulaya ukaanzisha operesheni ya Aspides tarehe 19 Februari 2024, makao yake makuu yakiwa Larissa, Ugiriki, kwa kazi ya kujihami tu, bila kupiga nchi kavu.

Shida ya kwanza ni idadi. Manowari za Aspides zilizokuwa baharini kwa wakati mmoja zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na eneo lenyewe ni kubwa, tangu Bahari ya Shamu hadi Ghuba ya Aden na zaidi. Kampuni inaomba mapema, inapangiwa siku, inasubiri. Meli inayosubiri inakula mafuta na mishahara. Magic Seas na Eternity C hazikuwa na msafara wowote zilipopigwa.

Shida ya pili ni bei ya kinga yenyewe. Kombora la manowari la kutungua droni linafika dola milioni 2, droni inayotunguliwa ni ya maelfu tu, na mirija ya makombora hayo haijazwi tena baharini; manowari hurudi bandarini. Humo katikati wanajeshi nao hukoseana: Februari 2024 manowari ya Ujerumani ya Hessen ilirusha makombora mawili kwa droni iliyokuja kujulikana kuwa ya Marekani. Bahati nzuri hayakufika.

Shida ya tatu haisemwi sana, nayo ni bendera. Meli nyingi zinazokuja kwetu zina bendera ya Liberia, Panama au Visiwa vya Marshall. Nchi hizo hazina manowari ya kutuma Bab el-Mandeb. Linganisha kampuni mbili kubwa. Maersk iliacha Bahari ya Shamu Januari 2024. CMA CGM ya Ufaransa iliendelea kupitisha baadhi ya meli zake, kwa sababu nyuma yake kuna jeshi la majini la Ufaransa lenye kituo Djibouti, jirani kabisa na mlango wenyewe. Ukiambiwa "meli yetu itasindikizwa", uliza na nani, na kwa uhusiano gani. Jibu la "kuna doria" si jibu.

Hata hivyo manowari zina kazi moja isiyo na mbadala, kuokoa baada ya pigo. Sounion ilipopigwa Agosti 2024 ikiwa na tani 150,000 za mafuta ghafi, meli ya Aspides iliwachukua mabaharia na kuwapeleka Djibouti. Wahouthi wakapanda na kutega mabomu kwenye sitaha, moto ukawaka kwa wiki kadhaa. Mwishoni matagi yaliikokota kwenda kaskazini chini ya ulinzi, mafuta yakiwa bado tumboni. Bila msafara ule, Bahari ya Shamu ingekuwa na janga ambalo wavuvi wa Eritrea na Yemen wangelilipia kwa kizazi kizima.

Mashambulizi ya angani ya Marekani na Uingereza ndani ya Yemen siyaweki kwenye mizani, maana mwenye mzigo hayaagizi. Yalianza Januari 2024, yakazidi Machi 2025, na tarehe 6 Mei 2025 Oman ikapatanisha Marekani na Wahouthi. Miezi miwili baadaye zikazama zile meli mbili.

Kupita kimya

Wahouthi walisema wanalenga Israel, kisha Marekani na Uingereza. Wenye meli wengine wakaona jibu ni kujitenga. Kwenye mtambo unaotangaza jina na safari ya meli, mahali pa kuandika bandari inakokwenda, wakaandika kwamba mabaharia wote ni Wachina, au kwamba hawana uhusiano na Israel. Wahouthi nao wakafungua ofisi katika mji wa Sanaa, Yemen, inayoandikia kampuni barua pepe kuhusu nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi.

Njia hii ni ya bei nafuu kuliko zote na kwa miezi mingi imefanya kazi kwa meli nyingi. Tatizo lake ni kwamba usalama wako unategemea usahihi wa daftari la mtu mwingine. Machi 2024 Huang Pu, meli ya mafuta ya Wachina, ilipigwa siku chache baada ya China kuripotiwa kuahidiwa usalama. Ilikuwa imebadilisha jina na mmiliki, kumbukumbu zikabaki za zamani. Tena lawama hufuata kampuni nzima: meli yako inaweza kuwa haijawahi kuiona Haifa, bandari ya Israel, lakini dada yake wa kampuni hiyohiyo alitia nanga huko mwezi jana. Ndicho kilichoziponza zile mbili za Julai.

Kuna jambo moja unaloweza kulifanya mwenyewe, na watu wachache hulifanya. Kila meli ya biashara ina namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini) yenye tarakimu 7, imeandikwa kwenye chuma chake na kwenye nyaraka. Jina hubadilika, bendera hubadilika, namba hiyo haibadiliki. Iombe kabla ya kusaini, itafute, uone meli ilikuwa ya nani na wamiliki wake wana meli gani nyingine. Nusu saa inatosha.

Na ukisikia mtu anapendekeza "kulipia usalama", kaa mbali. Machi 2025 Marekani iliwaorodhesha Wahouthi kuwa kundi la kigaidi la kigeni. Benki inayopitisha dola zako haitacheka nawe.

Kuzunguka Rasi

Hapa ndipo hesabu yetu inapoachana na ya Ulaya. Kwa meli ya Asia kwenda Ulaya, Rasi huongeza siku 10 hadi 14, na zaidi. Kwa Rotterdam hadi Mombasa, njia ya Suez ni takribani maili za baharini 6,300 na ya Rasi ni kama 8,700. Kwa mwendo wa maili 14 kwa saa, tofauti ni wiki moja. Dar es Salaam iko kusini zaidi, kwa hiyo tofauti inashuka hadi kama siku sita. Wiki moja kwa mashine ya kiwanda au mbolea iliyoagizwa mapema si msiba.

Sasa geuza chanzo kiwe Istanbul. Kwa Suez, Mombasa iko kama maili 3,800. Kwa Rasi, meli inatoka Mediterania nzima hadi Gibraltar, inashuka Atlantiki, inapanda Bahari ya Hindi: zaidi ya maili 9,000. Hizo ni siku 16 au 17 za ziada, na kwa ngano ya Novorossiysk, bandari ya Urusi, ziada ni hiyohiyo, maana njia zote mbili hupita Istanbul. Mwagizaji wa ngano mwenye ghala dogo hawezi kubeba hilo bila kupandisha bei ya unga. Ndiyo maana nasema Uturuki na Bahari Nyeusi ndiko kwenye mtihani. Huko, meli yenye historia safi wakati ambao mashambulizi yametulia inaweza kuwa chaguo la busara, mradi bima iwe imelipwa.

Neno "yametulia" lina mtego wake. Walitulia tangu mwisho wa 2024, watu wakaanza kurudi, kisha Julai 2025 ikaja. Baada ya usitishaji vita wa Gaza wa Oktoba 2025 wakatulia tena. Utulivu wa aina hii unavunjwa kwa tangazo la dakika tano, na mzigo wa wiki tatu ukiwa tayari baharini.

Rasi nayo si bahari ya bure. Julai 2024, katikati ya majira ya baridi ya kusini, CMA CGM Benjamin Franklin ilipoteza makontena 44 baharini nje ya Afrika Kusini. Wiki hiyohiyo Ultra Galaxy, iliyotoka Málaga na mbolea kuja Dar es Salaam, ililala ubavu pwani ya magharibi ya Afrika Kusini ikapotea. Mabaharia 18 waliokolewa na wavuvi. Miezi minne kabla yake, Rubymar ilikuwa imezama Bahari ya Shamu na tani kama 21,000 za mbolea baada ya kupigwa na Wahouthi. Mbolea kwa mbolea, njia mbili, zote chini ya maji. (Rubymar ilipokuwa ikielea bila udhibiti, nanga yake ndiyo iliyoshukiwa kukata nyaya za intaneti chini ya bahari, ukiwemo wa Seacom unaohudumia pwani yetu.) Tofauti ni kwamba dhoruba ya Julai inajulikana. Mzigo usio na haraka usiupange kupita Rasi kati ya Juni na Agosti kama una hiari.

Kwa makontena, uliza jambo moja zaidi: linabadilishiwa meli wapi? Meli kubwa inayozunguka Rasi inaweza kuupita usawa wa Mombasa, ikaenda kushusha Salalah (Oman) au Jebel Ali (Dubai), kisha kontena lako lirudi kusini kwa meli ndogo. Wiki yako moja inakuwa tatu. Linalobadilishiwa Durban au Port Louis lina nafuu kubwa, hata kama nauli yake ni ya juu kidogo.

Wauzaji wa nje wana hali ngumu zaidi. Chai hungoja. Parachichi la Hass ndani ya kontena la baridi linalala kwa hesabu ya siku, na kila siku ya ziada inatoka kwenye muda ambao lingekaa dukani. Afadhali uvune mapema kidogo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, uchukue kontena linalodhibiti hewa, na usitume mzigo wa mwisho wa msimu. Waridi lisipite baharini kabisa wakati meli zinazunguka Rasi. Lirudi kwenye ndege.

Bima

Kabla ya vita hivi, nyongeza ya bima ya vita kwa meli kupita Bahari ya Shamu ilikuwa karibu asilimia 0.05 ya thamani yake au chini. Ilipanda hadi asilimia 0.7, na mara nyingine 1. Meli ya dola milioni 50 ilitoka kwenye dola 25,000 hadi 350,000 au 500,000, kwa safari moja, kabla ya kulipa mfereji. Wenye meli waliona, wakageuka: mapato ya Mfereji wa Suez yalianguka kutoka dola bilioni 10.25 mwaka 2023 hadi kama bilioni 4 mwaka 2024.

Hiyo ni bima ya meli. Yako ni nyingine. Kenya tangu 2017 inamtaka mwagizaji anunue bima ya mzigo wa baharini kwa kampuni za ndani, na wengi hudhani hapo wamemaliza. Bima ya kawaida haigusi vita. Kipengele cha vita hununuliwa pembeni, hulinda mzigo ukiwa juu ya maji tu, na kampuni inaweza kukifuta kwa notisi ya siku 7. Soma ukurasa huo. Kumbuka pia kanuni ya zamani ya bahari: meli ikipigwa na kuokolewa, wenye mizigo wote huchangia gharama ya kuiokoa, hata wale ambao makontena yao hayakuguswa. Asiye na bima hutoa fedha taslimu ndipo akabidhiwe mali yake.

Pale ambapo Rasi haisaidii

Kuna mzigo mmoja ambao ulinganisho wote huu unauacha pabaya, nao ni unaokwenda ndani ya Bahari ya Shamu yenyewe: chai ya mnada wa Mombasa kwenda Port Sudan, au nyama na mboga kwenda Jeddah. Kuikwepa Bab el-Mandeb hapo maana yake ni kuzunguka bara zima na kuingia kwa mlango wa Suez kutokea kaskazini. Kwa Jeddah kuna njia ya kushusha Jebel Ali au Dammam na kuvuka Saudi Arabia kwa malori, ghali lakini inatabirika, na kwa bidhaa ya baridi ningeichagua hiyo. Kwa Port Sudan hakuna lori la kukuokoa. Huko unabaki na meli, namba yake ya IMO na kipengele cha vita kwenye bima, kwa hiyo gharama yake iingizwe kwenye bei unayompa mnunuzi tangu siku ya mnada, kabla meli haijang'oa nanga Kilindini.